Heshima Iliyobaki

Katika mji wetu barabara ni za wafu. Sisi tulio hai tunazipita tu, kama wapangaji wanaopita ukumbini kwa mwenye nyumba, na ukimwuliza mtu anakaa wapi atakujibu anakaa kwa marehemu fulani, mkabala na marehemu fulani, ukikata kona kwa mkewe. Hatuoni ajabu. Mtoto wa mji huu hujifunza majina ya waliokufa kabla hajayajua majina ya shangazi zake, kwa sababu bila hao waliokufa hawezi kurudi nyumbani kutoka chuoni.

Na hakuna barabara inayopata jina hivi hivi. Mtu mkubwa akifa watu hutoka na ndoo, wakaiosha barabara yake kutoka kichwani hadi miguuni, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, kama anavyooshwa maiti. Ikishatakata, mpiga mbiu husimama katikati akalitaja jina mara moja, na tangu saa hiyo jina ni la barabara. Haitwi nalo mtu tena. Mjane huingia eda, watu hukaa matanga, na siku ya kuanua matanga mpiga mbiu huja mlangoni kwa mjane, mbele ya umati, akamwuliza mwenye jina yuko wapi. Mjane hujibu kwamba ametangulia. Basi. Mila inasema mjane akikataa, akasema mumewe hajafa, barabara itapakwa chokaa na jina litafutwa. Hilo halijapata kutokea. Ni mjane gani atakayesema mumewe hajafa na kaburi bado bichi?

Nimeyaeleza haya mwanzo kwa sababu mjane atakayeulizwa ni mimi, na mume wangu yuko chumbani ananyoa ndevu.

Au alikuwa ananyoa. Wakati haukai sawa mdomoni mwangu siku hizi, mnistahimili. Ninapoianza sentensi yuko, ninapoimaliza alikuwa, na katikati nasikia maji ya bomba na wembe unaogongwa ukingoni mwa beseni, tok, tok, kama alivyougonga asubuhi zote za ndoa yetu.

Jina lake Mshangama, na amekuwa meya wa mji huu kwa muda ambao hakuna awezaye kuutaja. Wapo wazee wanaosema walipotahiriwa yeye tayari alikuwa meya, na wapo vijana wanaoapa kwamba aliapishwa juzi juzi, walikuwepo, wakapewa soda. Wote wanasema kweli. Kila muhula ulipokwisha aliapishwa upya, na kwa kuwa hotuba ilikuwa ile ile, na mvua haikukosa kunyesha siku hiyo, viapo vile viligandana vikawa kiapo kimoja kirefu. Picha zake zinazotundikwa madukani zinarudi ujanani kila zinapobadilishwa, na ile ya mwisho inamwonyesha kijana ambaye hata mimi sikuwahi kukutana naye. Mjini hakuna kalenda iliyomweza. Mimi ndiye niliyekuwa nayo, nayo ilikuwa uso wake anapoamka, kabla hajajua kwamba anatazamwa.

Alianza vizuri. Lazima niliseme hilo, kwa sababu watu wakisikia habari za mtawala aliyekaa sana hudhani alizaliwa na meno. Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa ndani ya mtaro, suruali kaikunja hadi magotini, anazibua taka kwa mikono yake, na watu wamesimama ukingoni wakimwelekeza. Alipanda juu ananuka vibaya, akacheka, akaniomba maji ya kunawa. Nikampa. Nilimpenda na harufu ile ile, na mpaka leo kama kuna kitu ninachomdai Mungu ni kunirudishia yule mtu wa mtaroni.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu wa mji wetu hawajui kushukuru kidogo kidogo. Waliposhukuru kwa mtaro, wakashukuru na kwa mvua, kisha kwa jua lililoianika mvua. Wakamvika mkufu, wakamvika joho jekundu, wakamvika na kilemba cha ukoka juu yake, naye akakizoea mpaka kikawa kama nywele zake. Baraza la Jiji likampa siku yake katika mwaka, kiti chake katika kila nyumba ya arusi, kijiko chake ambacho hakuna mwingine aliyekitumia. Na siku moja, sijui ni ya mwaka gani, likampa heshima ambayo niliiona ndogo wakati ule: Meya akisema, wanaume wavue kofia, wanawake wainamishe vichwa, na asijibiwe. Si wakati anasema tu. Asijibiwe kabisa.

Aliipenda hiyo kuliko zote. Alisema majibu yanapoteza muda.

Nami nikapoteza jina. Niliolewa naitwa Mwanamize. Baada ya kiapo cha kwanza nikawa Mama Meya kwa jirani, kwa muuza samaki, kwa mama yangu mzazi, na hatimaye kwa yeye mwenyewe. Hata chumbani, hata taa ikizimwa, alikuwa ananiita Mama Meya. Hatukujaliwa mtoto wa kuniokoa kwa jina lake. Nilikuwa nikilitamka jina langu jikoni, peke yangu, kuona kama bado linatoka.

*

Sasa sikilizeni jinsi watu wema wanavyofika pabaya bila mtu yeyote kuongoza njia.

Ilikaribia sherehe ya kiapo kingine, na Baraza likakaa kutafuta zawadi. Nilikuwepo, kwenye kiti cha wake, kando ya dirisha. Wakatafuta. Kila walichokitaja kilikuwa kimekwisha kutolewa. Madiwani wakaanza kutoka jasho, kwa maana kumpa heshima ambayo anayo tayari ni kumtukana, na kutompa kitu ni kumtukana zaidi. Ndipo sauti moja ikasema: barabara. Nilitazama haraka nione ni nani, na niliwaona wote wakitazamana kwa haraka ile ile. Mpaka leo kila diwani anaamini ni mwenzake aliyesema. Mimi nadhani hakusema mtu. Nadhani ule ukumbi wenyewe, uliokuwa umesikia heshima zote, ulitaja iliyobaki.

Nani angepinga? Aliyetaka kusema kwamba barabara ni za waliokufa angekuwa anasema Meya hastahili. Aliyetaka kusema kwamba Meya bado yu hai, hilo neno "bado" lingemtoa roho, maana angekuwa ametamka kwamba siku moja hatakuwa hai. Makungu, mpiga mbiu wetu, mtu mnene mwenye macho ya huruma ambaye amelia katika misiba yote ya mji huu bila kuigiza hata mmoja, aliinua mkono. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akautumia mkono kukuna shingo.

Mume wangu, aliyekaa kichwani pa meza, akatabasamu, na hapo nikajua kwamba jambo limekwisha pita.

Tulipokuwa garini nilimwambia polepole kwamba barabara ni za wafu. Alinipapasa mkono kama anayempapasa mtoto anayeogopa radi. Alisema mila zilitungwa na watu, na watu wale walihitaji mtu wa kuziidhinisha, na mtu huyo siku hizi ni yeye. Alisema atakuwa wa kwanza kutembea juu ya jina lake. Alikuwa na furaha ya kweli, furaha safi, na mimi nilimhurumia kwa namna ambayo haikumfaa mke kumhurumia mume.

Siku ya kuosha alisimama barazani na joho lake. Mji wote ulitoka na ndoo. Wakaosha upande wa kulia, wakaosha wa kushoto, maji yakateremka yakiwa meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe. Makungu akasimama katikati akalitaja jina mara moja tu, Mshangama, na sauti yake ikapasuka mwishoni kama inavyopasuka siku zote. Mume wangu akapunga mkono. Hakuna aliyempungia. Wanawake walianza kulia, kwa mazoea mwanzoni, kwa sababu jina likitajwa watu hulia; lakini kilio kikishafunguliwa hupata sababu zake, kila mmoja alikuwa na lake la kulilia, na baada ya kitambo kidogo mji mzima ulikuwa unamlilia mtu aliyesimama mbele yao na mkono juu.

Alibaki hivyo, mkono juu, muda mrefu. Kisha akauteremsha akauangalia.

*

Walitufuata nyumbani na mikeka. Walitoa makochi nje, wakageuza vioo, wakawasha moto uani, wakanivisha nguo ya eda na kunikalisha kwenye kona ya chumba cha wageni. Niliwaambia mume wangu yumo ndani. Wakanishika mabega, wakanipa pole, wakasema na wao walikuwa hivyo hivyo, siku za mwanzo mtu husikia hata nyayo. Kweli nyayo zilisikika. Alitoka kwa kanzu ya nyumbani akaomba chai. Mwanamke aliyekuwa karibu na birika akamimina chai ya tangawizi, akaiweka mezani, akawaambia wenzake kwamba marehemu aliipenda hii. Akainywa. Yule mwanamke akakitazama kikombe kikiwa kitupu, akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

Hawakuwa wanaigiza. Hilo ndilo lililonitisha. Nimekaa na waigizaji miaka yote hii, nawajua wanavyopepesa macho. Hawa walikuwa wanaona kikombe, na wanaona huzuni, na baina ya viwili hivyo hawakuona mtu.

Akaenda ofisini kama kawaida. Alirudi ananong'ona na nafsi yake, akanisimulia yote pale konani, amechuchumaa mbele yangu. Kiti chake kilikuwa kimefunikwa shuka jeupe. Naibu wake, Ngwali, alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kile kiti, analia machozi ya kweli. Mume wangu akatoa amri, kama anavyotoa: mtaa ule usafishwe, duka lile lifungwe, yule mtu ahamishwe. Ngwali akainua uso, akawaambia makarani kwamba hivyo ndivyo marehemu angependa. Na jua halikuwa limetua, mtaa ukawa umesafishwa, duka limefungwa, yule mtu kahamishwa.

"Mambo yanakwenda, Mama Meya," aliniambia. "Yanakwenda kuliko zamani."

Nataka mlikumbuke hilo, kwamba alifurahi. Kwa siku kadhaa nilikuwa na mume mwenye furaha na nguo ya eda mwilini. Aliwaamuru walie, wakalia. Lakini walikuwa wanalia tayari. Aliwaamuru wamsifu, wakamsifu. Mpaka mchana mmoja alipoamuru aletewe chakula cha mchana pale ofisini, na hakuna aliyenyanyuka. Aliamuru tena. Ngwali akasema kwa huzuni kwamba saa kama hii marehemu alikuwa anapenda samaki wa kupaka. Wote wakatikisa vichwa, wakaenda kula.

*

Nilipokuwa nimekaa pale konani niliuliza maswali ambayo mke hapaswi kuyauliza.

Kama amri inatekelezwa sawasawa baada ya mtoa amri kuitwa marehemu, basi alipokuwa hai ni nani aliyekuwa akiamuru?

Nilijibu: mazoea. Nikajibu tena: hofu, ambayo ni mazoea yenye njaa. Nikajibu mara ya tatu kwamba labda mtu hufa kidogo kila anapopewa kitu ambacho hakuna anayeweza kumnyang'anya. Siku aliyopewa kijiko chake peke yake, ulikufa mkono uliokuwa ukila nami sahani moja. Siku aliyopewa joho ilikufa ile suruali iliyokunjwa. Siku aliyopewa haki ya kutojibiwa yalikufa masikio yake, kwa maana sikio ambalo halirudishiwi neno lina kazi gani? Na masikio ya watu nayo yakafa siku ile ile. Wamesimama na kofia mikononi miaka yote, midomo imefungwa, na nadhani mahali fulani katikati ya hotuba moja isiyo na tarehe waliacha kusikia, wala hawakutambua. Walibaki na adabu tu. Adabu bila masikio ni ukuta.

Na mimi je? Mimi niliyeyaona yote haya kutoka kiti cha wake? Wakati mwingine nilijiona kutoka upande wa pili wa chumba, mwanamke mmoja konani, kajifunika, na sikujua kama ni mimi au ni mjane wa barabara nyingine aliyesahauliwa pale tangu matanga ya zamani. Nikatamka: Mwanamize. Mdomo wa yule mwanamke ukatikisika. Basi ni mimi.

*

Halafu mji ukaanza kunuka.

Sijui ni mitaro, ambayo tangu zamani zile hakuna meya aliyeingia tena, au ni nini. Watu walifukiza ubani mlango hadi mlango, lakini la kuvunda halina ubani. Wakaanza kuziba pua na kuangaliana. Mume wangu akipita uani, wale wanawake wa matanga walikuwa wanageuza nyuso. Nilimvuta konani kwangu nikamnusa shingoni. Alinuka sabuni ile ile. Lakini nilimwona naye akijinusa mikono, akiona haya, kama mtu aliyekula kitunguu akaitwa mbele za watu.

Makungu alikuja kuzungumza nami, pazia katikati, kama inavyopasa. Alianza mbali, akauliza afya yangu, akausifu wali wa matanga. Kisha akasema kitu kinamsumbua, yeye na mji. Walikaa mikekani, walisoma, walikula, barabara ilioshwa, jina lilitajwa. Lakini hawakuzika. Watu wanauliza, wanaogopa. Msiba bila maiti haupoi, alisema, na mji unanuka kwa sababu kuna mtu hajafunikwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba samahani.

"Siku ya kuanua, mama, utatusaidia," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho."

Nilimjibu kwamba siku ya kuanua nitasema kweli. Akanishukuru kwa moyo wake wote, akaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu kuoshwa kwa barabara nikaona mwanga. Mila ile ile iliyomfunga mume wangu ilikuwa imeacha mlango mmoja, nao ulikuwa kinywani mwangu. Neno moja la mjane, chokaa, na Mshangama anarudi kuwa mtu.

Nilimweleza. Nilidhani atanikumbatia. Akaniuliza kama hiyo chokaa itapakwa barabara nzima au pale penye kibao tu.

Nikamwambia nzima.

Alisimama akaanza kutembea. Alisema hakuna barabara iliyowahi kufutwa tangu mji uwe mji. Atakuwa wa kwanza. Watoto watapita juu ya ile chokaa wakicheka. Alisema nisubiri kidogo, pengine watu watazoea, pengine yupo mwanasheria. Nikamwuliza kwa hasira, na hasira yangu ilikuwa ya miaka, kama anataka kuwa barabara au anataka kuwa hai. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kwa kuwa nilikuwa nimemjibu.

Siku zilizofuata alikonda. Alikuwa anajishika kifundo cha mkono kutwa, kidole juu ya mshipa, anasikiliza. Alivigeuza vioo akajitazama, wanawake wakavirudisha. Aliwapigia kelele uani, na walipomsikia hawakukimbia wala hawakukasirika, walinyamaza tu wakainamisha vichwa mpaka alipokaa. Ndipo alipokuja kwangu akapiga magoti, yule mtu mzito, akaweka paji la uso wake kwenye magoti yangu. Akasema niseme, niwaambie. Kisha, bila kuinua uso, akaongeza kwamba kama inawezekana niseme kwa namna ambayo barabara itabaki.

Nilimpapasa kichwa. Sikumjibu hilo la pili.

*

Siku ya kuanua ilikuwa angavu, saa za alasiri. Umati ulijaa kutoka mlangoni petu mpaka barabara ilikopotea, na wote walikuwa wamevaa vizuri, wamejipaka manukato kushinda ile harufu. Madiwani mbele. Ngwali amevaa nyeupe. Kando ya ukuta niliona kitu kirefu kimefunikwa kwa kitambaa cha kijani kilichotariziwa, kizuri mno, nikadhani ni meza ya chakula.

Nilimshika mume wangu mkono nikatoka naye mlangoni. Alikuwa amevaa joho na mkufu. Nilimkataza, hakusikia.

Makungu akauliza swali lake. Mwenye jina hili yuko wapi? Nikasikia nguo zikipigwa na upepo. Nilijua nikikosea neno hakuna la pili. Nikalisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Hajafa. Mume wangu hajafa, huyu hapa. Njooni mumshike mkono muone, ana joto."

Pumzi ilitoka katika kifua cha mji mzima kwa pamoja. Wakatazama. Na nawaapieni kwamba wakamwona. Macho yao, ambayo yalikuwa yakimpita siku zote zile kwenda ukutani, yalitua juu yake na kutulia, na mimi nikalia kwa shukrani. Ngwali alikuja wa kwanza, akamshika mkono. Kisha diwani mwingine. Kisha yule mwanamke wa chai, akambusu vidole. Wakapanga foleni kwa upole, kila mmoja akimgusa na kutikisa kichwa, na nyuso zao zilikuwa zinafunguka kama za watu walioteremsha mzigo. Mume wangu alikuwa anatabasamu. Aliniangalia kana kwamba ninampa maji ya kunawa.

Makungu akaja wa mwisho. Akauchukua ule mkono kwa mikono yake miwili, akauweka kifuani pake, machozi yakimtiririka. Akamshukuru Mungu kwamba amepatikana. Kisha akawageukia watu, akasema kwa sauti ya chini ya mtu anayejua kazi yake:

"Kweli, bado ana joto. Tumuwahi."

Kile kitambaa cha kijani kikaondolewa. Haikuwa meza, lilikuwa jeneza. Nilipiga kelele kwamba sikusema hivyo, na wanawake wakanishika kama wanavyowashika wajane, kwa nguvu na kwa mapenzi, wakiniambia nimefanya vyema, nimewapa mwili, mji utalala. Mume wangu akapanda kizingitini akainua mkono na kuanza kusema. Alisema, wananchi wenzangu, alivyoanza siku zote. Kofia zikavuliwa. Vichwa vikainama. Aliwaambia yu hai. Aliwaambia kwa mpangilio mzuri, kwa sauti kubwa, kwa mifano. Haikuwa hotuba mbaya, na hakuna aliyemkatiza, hakuna aliyejibu. Walikuwa na adabu mpaka neno la mwisho. Alipomaliza alisubiri, na nikaona uso wake ukielewa alichokuwa amewafundisha.

Walipombeba hakupigana. Alikuwa amechoka, na mikono ilikuwa mingi, na ile mikono ilikuwa laini. Walipomlaza aliwaambia madiwani wakae upande wa kulia, na walikaa upande wa kulia. Jeneza likanyanyuliwa juu ya mabega, likapita mbele yangu, nikayaona macho yake ukingoni. Yalikuwa ya yule wa mtaroni.

"Mwanamize," akaniita.

Mimi peke yangu ndiye niliyesikia.

*

Sasa harufu imekwisha, au tumeizoea. Ngwali ameapishwa, na mvua ilinyesha. Barabara ya Mshangama ni safi, ndefu, ina kivuli, na kila siku naisikia ikitajwa na watu wanaoelekezana njia. Hakuna anayeniita Mama Meya, jina hilo amepewa mke wa Ngwali. Wananiita Mwanamize. Walianza siku ile ile, majirani, muuza samaki, kila mtu, kama jina lililokuwa limewekwa mahali likisubiri, na kusema kweli nililifurahia. Nilikuwa ninakwenda sokoni bila haja ili nilisikie.

Jana Makungu alipita kunijulia hali. Alisema mji haujui utanishukuruje kwa nilivyousaidia. Alisema Baraza limekaa, limefikiri sana. Nikamwambia sitaki kitu. Akatabasamu na macho yake ya huruma, akasema ndivyo wasemavyo watu wakubwa.

Uchochoro ulio nyuma ya jiko langu haujawahi kuwa na jina. Ni mwembamba, unatoka kwangu na kuishia kwenye barabara yake.

Asubuhi hii nimeamshwa na sauti ya ndoo. Nimefungua dirisha la jikoni. Wamejaa huko chini, na madekio, na nguo zao nzuri, wanaosha upande wa kulia, na maji yanapita chini ya dirisha yakiwa bado meusi. Nimewaambia waache. Nimewaambia niko hapa, mimi Mwanamize, nazungumza nanyi, mbona mnaniona. Nimepaza sauti mpaka koo limeuma.

Wameweka ndoo chini. Wanaume wamevua kofia.